Jinsi Nyikakavu Ilivyopewa Ziwa

Nchi ninayoisimulia haipo. Nimeitafuta kwenye ramani zote zilizobandikwa ofisini kwa mtendaji wa kata, sikuiona. Kwa hiyo kiongozi yeyote atakayesoma humu akajikuta ndani, ajue kajileta mwenyewe. Mimi sikumwita wala sikumwandalia kiti.

Nchi hiyo ilikuwa na Wizara ya Maji. Maji yenyewe yalikuwa ya shida, lakini Wizara ilikuwa na ghorofa tisa, na sisi watu wa Nyikakavu ilitukumbuka mara kwa mara. Mimi nina ugonjwa mmoja: sisahau. Nakumbuka mwaka wa Bomba Kila Mlango, tulipoletewa bomba moja, likafungwa kwenye mlango wa ofisi ya chama, halikuunganishwa na kitu, na katibu akawa analitundikia kofia. Nakumbuka mwaka wa kisima, mgeni rasmi alipokuja na ndoo ya maji kutoka mjini, yakamiminwa kisimani ili apate kuyachota mbele ya wapiga picha. Akayachota, tukapiga makofi, ndoo ikarudi mjini na maji yake. Nakumbuka na mawe ya msingi manne. Hayo siyalaumu. Ni mawe mazuri, yamenyooka, na mvua ikinyesha akina mama wanafulia juu ya majina ya mawaziri.

Sasa safari hii Wizara ikasema imechoka kubahatisha. Tulimsikia Waziri mwenyewe redioni siku ya uzinduzi, Mheshimiwa Dakta Anselimo Mabawa.

"Ndugu wananchi," alisema, na sauti yake ilikuwa na mafuta, "kwa miaka sitini tumekuwa tukiyatafuta maji chini. Matokeo yake ni nini? Matokeo yake ni mashimo! Kuanzia leo maji yatatafutwa kutoka juu, kilomita mia saba juu, mahali ambapo hakuna vumbi, hakuna siasa, na hakuna wananchi wa kuwachanganya wataalamu!"

Makofi yalipigwa mpaka redio ikakwaruza. Siku hiyohiyo Wizara ikabadilishiwa jina, ikawa Wizara ya Maji na Mambo ya Juu.

Setilaiti zenyewe zilikuwa za watu wengine. Zilikuwa zikizunguka dunia kwa hiari yao, zikipiga picha mito na mabwawa na mashamba, na picha hizo, nilikuja kusoma baadaye, anapewa bure mtu yeyote mwenye kompyuta. Lakini kitu cha bure hakina heshima. Wizara ikaona ni bora kuzinunua kwa kampuni ya shemeji yake Waziri, ambaye alikuwa akizipokea bure kwa niaba ya taifa.

Wataalamu wa nje waliacha onyo moja tu. Walisema kinachoonekana kutoka juu lazima mtu ashuke akakitazame kwa macho, maana mtambo wa kusoma picha nao hukosea. Kazi hiyo inaitwa uhakiki wa ardhini. Wizara haikupuuza. Maofisa hamsini walikwenda wiki mbili kwenye hoteli ya ufukweni, wakaweka picha ya bwawa la kuogelea kwenye kompyuta, mtambo ukasema hayo ni maji. Wakaingia mmoja mmoja kuhakiki. Wote walilowa. Taarifa ikaandikwa kwamba usahihi wa mtambo ni asilimia mia moja, na uhakiki ukafungwa nchi nzima.

*

Sisi habari ya ziwa tuliipata Alhamisi.

Alhamisi ndiyo siku ya boza. Kila Alhamisi lori la maji lilikuwa linatoka wilayani, kilomita arobaini na mbili, linajaza tangi la zahanati, na kinachobaki tunagawana kwa madumu. Tangi hilo ndilo lililokuwa linaiweka wazi wodi ya wazazi. Nesi wetu, Nyamizi Lusende, alikuwa na sheria yake: mama mjamzito aje na dumu moja kutoka kwake, la pili atapewa na zahanati. Mwezi ule alikuwa na akina mama kumi na mmoja kwenye daftari lake, na mmoja wao alikuwa Kwangu, binti wa fundi baiskeli, ambaye tumbo lilikuwa limeshakuwa kubwa.

Badala ya boza likaja gari dogo. Akateremka Bwana Tegemeo, Afisa Maji wa wilaya, mtu tuliyemfahamu, lakini safari hii alikuwa amevaa jaketi la kuelea, lile jekundu la mabaharia, limefungwa mpaka kidevuni. Jua lilikuwa la saa saba. Jasho lilikuwa linamtiririka kama mtu aliyetoka kweli majini.

"Boza liko wapi?" Nyamizi akamuuliza kabla hajafunga mlango wa gari.

"Shikamoo haipo siku hizi, nesi?"

"Shikamoo. Boza liko wapi?"

"Marahaba. Boza limesitishwa." Akafungua karatasi. "Hongereni sana. Mmegundulika kuwa na ziwa."

Tukatazamana. Mwenyekiti wetu wa kijiji, Mzee Shilinde, mtu wa adabu kupita kiasi, akavua kofia.

"Ziwa gani, mheshimiwa afisa?"

"Ziwa Mabawa. Limepewa jina la Mheshimiwa Waziri. Hekta mia nne, upande wa magharibi wa kijiji. Limeonekana kwenye picha ya mwezi wa nane. Kwenye picha ya mwezi wa saba halikuwepo, kwa hiyo Wizara imelihesabu miongoni mwa mafanikio ya awamu hii."

Upande wa magharibi wa kijiji! Hata mtoto anayetambaa anajua kilichopo upande wa magharibi wa kijiji. Kila mwaka mwezi wa nane tunaichoma ile nyika, tangu enzi za babu zetu, ili kupe wafe na majani yachipue mapema. Pale palikuwa na majivu. Ukipita na suruali nyeupe unatoka na nyeusi.

"Tegemeo," akasema Nyamizi, "geuka nyuma. Umesimama hatua hamsini kutoka kwenye hilo ziwa. Litazame."

Bwana Tegemeo hakugeuka. "Mimi sina mamlaka ya kutazama, nesi. Nina mamlaka ya kutekeleza."

"Haya, hilo jaketi umelivalia nini?"

"Ni agizo. Mtumishi yeyote akikaribia ziwa ndani ya mita mia tano avae. Mtumishi mmoja akizama, nani atajibu?"

Mtu mmoja nyuma akamwambia aende basi akaoge, ametoka mbali na anatoa harufu. Watu wakacheka. Nyamizi hakucheka. Alikuwa analitazama tangi lake, na mimi nilijua anahesabu siku.

*

Ukishapewa ziwa, bwana wee, hupumziki. Wiki iliyofuata tuliletewa bango la kupiga marufuku nyavu zenye matundu madogo. Wiki iliyofuata likaja tangazo la kichocho. Kisha akaja tena Bwana Tegemeo na jaketi lake, na kopo la rangi nyekundu.

Sheria ya nchi hiyo ilisema hakuna jengo ndani ya mita sitini kutoka kwenye ukingo wa ziwa. Ni sheria nzuri, siisemi vibaya. Akapima kwa hatua kuanzia yalipoishia majivu, akija upande wa kijiji, akipiga alama ya X kwenye kila ukuta uliomzuia. Nyumba kumi na nne. Choo cha shule. Ghala la chama hakuliona, ingawa liko katikati ya nyumba mbili alizoziona. Mwisho akafika kwenye wodi ya wazazi.

Nyamizi alikuwa amesimama mlangoni na glovu mkononi.

"Nesi, sogea nifanye kazi."

"Hapa ndani kuna mtu ana uchungu, Tegemeo. Piga X hapo kwenye paji langu."

"Usinifanye mimi mbaya, dada'angu. Unadhani napenda? Mke wangu mwenyewe ni mjamzito."

"Atazalia wapi?"

Bwana Tegemeo akakoroga rangi yake. "Mjini," akasema. Kisha akapiga X kwenye kona ya ukuta, mahali pa chini, ndogo, kama mtu anayeomba radhi kwa rangi. Siku tisini za kubomoa kwa hiari.

Dumu la zahanati lilikuwa limeshakuwa nusu dumu. Nyamizi alikuwa anaosha vifaa kwa maji ambayo mimi na wenzangu wawili tulikuwa tunayafuata kwa baiskeli mtoni Mlale, safari ya siku nzima, na yakifika yana rangi ya chai ya maziwa. Anayachuja kwa kanga, anayachemsha, anayachuja tena. Jioni moja alinifuata nyumbani.

"Kaka, wewe si ndiye unayebishana na kila mtu?"

"Nimepunguza."

"Usipunguze sasa. Twende Wizarani."

*

Wizarani tulipokewa vizuri sana. Tulipewa namba, tukaketi, tukapewa namba nyingine. Siku ya tatu tukafikishwa ghorofa ya nane kwa mtaalamu wa kusoma picha, Bwana Faraji Ukwaju, mzee wa miwani minene aliyebakiza miaka mitatu astaafu. Miaka hiyo mitatu aliiweka mbele ya kila sentensi kama ngao.

Akatuonyesha picha yetu kwenye kompyuta. Nyikakavu yote, ukubwa wa kiganja. Nyumba zilikuwa vitone, na kando yake doa kubwa jeusi. Akabonyeza kitu, doa likageuka buluu.

"Nyika iliyoungua," Nyamizi akasema.

"Najua," akasema Bwana Ukwaju.

"Unajua?"

"Mama, nimefanya kazi hii miaka ishirini na sita. Maji yanaumeza mwanga, hayaurudishi, kwa hiyo kule juu yanaonekana meusi. Majivu nayo ni meusi. Mtambo haujui tofauti mpaka mtu aende akaufundishe. Niliomba niende, nikaambiwa uhakiki umeshafanyika, hotelini."

"Basi andika kwamba umekosea, sisi tupate boza."

Akavua miwani akaifuta, ingawa ilikuwa safi. "Nimebakiza miaka mitatu. Ipo fomu. Inaitwa Fomu ya Kukanusha Ziwa. Lakini lazima iambatane na ushahidi kutoka juu. Taarifa kutoka chini haipokelewi, tangu Waziri aseme wananchi wanachanganya wataalamu."

Hapo nikaingilia. Nilimuuliza kama na sehemu nyingine wanazitazama kwa uangalifu kama kwetu, au ni sisi tu tuliopendwa. Nilimtajia bonde la Mlale, ambako mto umepungua tangu Mheshimiwa Mabawa alipofungua shamba lake la maua. Bwana Ukwaju akatazama mlango, kisha akafungua picha. Nchi nzima ilikuwa kiangazi, mbingu imetakata kama sahani iliyooshwa. Juu ya shamba la Mheshimiwa tu kulikuwa na wingu. Wingu jeupe, lenye pembe nne.

"Mwezi wa sita?" nikauliza.

"Wingu."

"Mwezi wa saba?"

"Wingu lilelile. Kila mwezi linaletwa kwa flashi, nalibandika." Akaifunga picha haraka. "Hilo mimi sijawaonyesha."

Tulipokuwa tunaondoka akatufuata mpaka kwenye ngazi. Alisema kwa sauti ya chini, akitazama viatu vyake:

"Setilaiti inapita juu yenu kila siku ya tano. Saa nne na nusu asubuhi. Kitu chembamba kuliko hatua kumi haikioni. Kikiwa kinene, inakiona hata Wizara isipotaka." Akapanda ngazi. Kisha akageuka. "Mimi sijawaambia chochote. Nimewaeleza ratiba tu."

Tulipofika stendi Nyamizi akasimama ghafla.

"Kaka," akasema, "hao wanasoma kutoka juu. Basi tuwaandikie huko."

*

Mkutano wa kijiji ulichukua siku mbili, na kubishana kwenyewe kulikuwa juu ya salamu.

Mzee Shilinde alisema haiwezekani kumwandikia Waziri bila kuanza na Mheshimiwa. Ni utovu wa adabu. Mwingine akasema kabla ya Mheshimiwa iwekwe Chama Juu, maana bila hiyo barua haitafunguliwa. Mwalimu wa shule akasema, baada ya kutoa salamu waeleze kwanza historia ya kijiji. Mimi nilitaka majina ya mawaziri wanne na miaka yao, kwa mpangilio, lakini nilikubali kushindwa.

"Jamani," akasema Nyamizi, "hivi mmeangalia wino?"

Wino ulikuwa majivu ya ngitili. Kwa asiyeijua: ni malisho tunayoyafungia, ng'ombe haruhusiwi kukanyaga tangu masika, majani yanaachwa yasimame yakauke, ili kiangazi kikikaza kabisa mifugo iwe na mahali pa mwisho pa kukimbilia. Kuvunja ngitili kabla ya wakati wake ni kosa ambalo mtu anatozwa ng'ombe. Upande wa magharibi ulikuwa umeshaungua. Majani yaliyobaki Nyikakavu yalikuwa hayo tu, na nyeusi haiandikiki penginepo.

Wote wakageukia upande mmoja. Mwenye ng'ombe wengi kuliko sote alikuwa Mzee Shilinde.

"Herufi ngapi?" akauliza hatimaye.

"Kumi," akasema mwalimu. "Hakuna maji. Hakuna hata nafasi ya kuamkia."

Mzee akavua kofia, akaikunja, akaivaa tena. "Yule binti Kwangu ni mjukuu wa dada yangu," akasema. "Chomeni."

Basi tukaandika. Mwalimu alichora herufi chini kwa kijiti, kisha tukazihamisha ngitilini kwa kamba na vigingi. Kila herufi urefu wa hatua mia tatu, kila mstari upana wa hatua thelathini. Watu wasiojua kusoma walikuwa wanauliza, "Mimi niko kwenye herufi gani?" na wakiambiwa wanajivunia. Akina mama walikata majani pembezoni mwa kila mstari na kufagia mpaka udongo ukaonekana, moto usije ukatoka nje ya neno. Kazi ya siku sita, kwa jembe, bila maji ya kunywa ya kutosha. Siku ya saba, asubuhi, upepo umelala, tukawasha herufi moja baada ya nyingine. M ilitushinda kidogo, ikanenepa mguu mmoja. Nyingine zote zilitoka safi kama za kitabu cha darasa la kwanza.

Ng'ombe walikuwa wamesimama nje ya uzio, wanatazama chakula chao kikigeuka barua.

Saa nne na nusu tulisimama wote, tumeinua vichwa. Hatukuona kitu. Mzee Shilinde hata hivyo alipunga mkono.

*

Wiki tatu baadaye tukaitwa. Barua ilisema kuna Kikao cha Wadau wa Sekta na Nyikakavu ipeleke wawakilishi wawili. Nilifurahi. Naandika hivyo bila aibu: mimi, mwenye mawe manne ya msingi kichwani, nilifurahi, nikapiga pasi shati.

Ulikuwa ukumbi wa ghorofa ya tisa, meza ndefu ya mviringo, na mbele ya kila mdau chupa ndogo ya maji na glasi iliyofunikwa kwa karatasi. Mheshimiwa Mabawa aliingia, tukasimama, akaketi, tukaketi. Kwenye ukuta ikawashwa picha yetu.

Jamani, ilikuwa inasomeka! Ukubwa wa ukuta mzima, buluu tupu: HAKUNA MAJI. Hata ule mguu mnene wa M ulionekana. Nyamizi alinishika mkono chini ya meza akaubana mpaka ukaniuma.

"Nyikakavu," akasema Waziri. "Hongereni. Naona mbali na ziwa, sasa mmepata na mito. Moja, mbili, tatu... mito kumi!"

Makofi. Mwisho wa meza Bwana Ukwaju akanyanyuka. Niliona midomo yake inakwenda, nikajua anaihesabu ile miaka mitatu kwa mara ya mwisho.

"Mheshimiwa, naomba radhi. Hiyo si mito. Ni herufi."

"Herufi?"

"Ndiyo, Mheshimiwa. Wananchi wameandika. Inasomeka: hakuna maji."

Waziri akavaa miwani. Akasoma polepole, midomo ikicheza. Alisoma mara ya pili. Nikasema moyoni, leo ndiyo leo.

"Bwana Ukwaju," akasema, "hii rangi ya buluu ni nini?"

"Ni majivu, Mheshimiwa, lakini..."

"Sikukuuliza unavyodhani wewe. Nimeuliza, kwa mujibu wa mtambo wa Wizara, wenye usahihi wa asilimia mia moja, buluu ni nini?"

Bwana Ukwaju akaitazama buluu ukutani. "Maji, Mheshimiwa."

"Kiasi gani?"

"Hekta ishirini na saba."

Waziri akavua miwani na kuigeukia meza, mikono ameifungua kama mtu anayeombewa. "Ndugu wadau, mmesikia wenyewe. Watu hawa wamechukua hekta ishirini na saba za maji, katikati ya kiangazi, wakaandikia malalamiko kwamba hawana maji! Mtu akikuandikia barua ya kurasa kumi kwamba hana wino, utamtumia wino?"

Kicheko kilichotoka pale sitakisahau, na mimi nimeshawaambia kuhusu ugonjwa wangu. Walicheka maofisa, wakacheka na wadau, akacheka na yule aliyekuwa anaandika muhtasari. Bwana Ukwaju alikuwa bado amesimama. Alionekana hajui kama anaruhusiwa kuketi.

Waziri akasema kijiji kipewe onyo kwa matumizi mabaya ya maji. Akasema jina Nyikakavu linapotosha takwimu na litafutiwe jina lingine. Boza litaendelea kusitishwa. Kisha akamwona Nyamizi, ambaye alikuwa amesimama.

"Mama, unataka kushukuru?"

"Mheshimiwa, mimi ni nesi. Nina akina mama kumi na mmoja. Wawili wameshajifungua kwa maji ya mto yenye matope, mmoja ana homa mpaka leo. Kwangu anajifungua wiki hii. Mtoto akitoka nimwoshe kwa picha?"

"Hilo," akasema Waziri kwa upole, "ni swali la Wizara ya Afya. Tusiingiliane. Ajenda inayofuata."

Nyamizi akafungua kanga yake ya begani, akaitandaza mezani, na akaichukua chupa iliyokuwa mbele yake akaiweka juu ya kanga. Kisha yangu. Kisha ya jirani yangu. Akaizunguka meza, taratibu, kama mtu anayekusanya vyombo baada ya msiba, chupa baada ya chupa, akipita nyuma ya viti. Hakuna aliyemzuia. Nadhani walikuwa wanatafuta kwenye ratiba ni kipengele gani. Bwana Ukwaju alimpa yake kwa mikono miwili. Alipofika kwa Mheshimiwa, chupa ilikuwa imeshanywewa nusu. Akaifunga kizibo vizuri akaichukua na hiyo.

"Asante," akamwambia.

Thelathini na moja. Akafunga kanga, tukatoka.

*

Chupa thelathini na moja za nusu lita, moja yake nusu, ni lita kumi na tano na robo. Nimezipiga hesabu mara nyingi. Kwangu alijifungua Jumamosi, mtoto wa kike, akaoshwa kwa maji ya ghorofa ya tisa. Wa pili Jumatatu. Wa tatu Jumatano, mapacha, chupa zikaenda nyingi. Wa nne tulimalizia na ile ya Waziri.

Wa tano alikuwa mke wa mwalimu. Uchungu ulimshika mchana, tangi tupu, wenzangu wa mtoni hawajarudi. Nyamizi akasema haiwezekani azalie pale, alikuwa anatoka damu. Tukampakia kwenye baiskeli, mwalimu anasukuma, mimi nashikilia, Nyamizi anakimbia pembeni na begi lake. Kilomita arobaini na mbili mpaka wilayani. Tulifika kilomita ya kumi na tisa tu, akajifungulia njiani. Mama alipona; mtoto hakulia. Alirudi amempakata mtoto kwenye kanga, kimya, na Nyamizi akitembea nyuma yao, mikono yake hajainawa, hakukuwa na cha kunawia.

Wodi haijabomolewa. Tingatinga la wilaya halina dizeli. Ng'ombe wa Mzee Shilinde wamebaki sita. Bwana Ukwaju, nasikia, amehamishiwa bohari ya viti.

Jana Bwana Tegemeo alituletea muhtasari wa kile kikao, kurasa kumi na mbili, una muhuri. Hakuteremka garini, aliupitisha dirishani na kuondoka. Nyamizi alinipa niusome kwa sauti mbele ya zahanati, na watu wakaja kusikiliza, mwalimu naye akaja. Niliruka dibaji na pongezi. Nikafika ukurasa wa saba, kipengele cha sita, Nyikakavu, mistari miwili tu:

"Wadau kutoka Nyikakavu waliomba maji. Walipewa. Hoja imefungwa."